Wavuvi waliofunga

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Sivyo. Ni kiumbe hai, na ndani yake huishi mwani mdogo mno unaolilisha na kulitia rangi. Maji ya bahari yakizidi joto kwa majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo, likabaki jeupe kama mfupa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Lakini tumbawe lililopauka halijafa bado. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi, na uhai nao hurudi.

Kule Kuruwitu, Kilifi, nchini Kenya, wavuvi waliona samaki wakipungua. Mwaka 2005 wakakubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, asivue humo mtu yeyote. Fikiria ugumu wake: una watoto wa kulisha, nawe unapiga kasia juu ya samaki usiowagusa. Baada ya muda samaki waliongezeka. Samaki walao majani ya baharini husafisha mwamba, na tumbawe changa hupata pa kushika. Baadaye wanajamii wakaanza hata kupandikiza matumbawe.

Sisi mapadre huhubiri kufunga kila Kwaresima. Wavuvi wale walifunga bahari, na hapo hapo wakafunga matumbo yao, wala si kwa siku 40 tu.

Hata hivyo, mvuvi hawezi kuyapoza maji. Joto hilo linatokana na moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme, mwingi wake wa nchi tajiri. Kupandikiza matumbawe huku bahari ikizidi kupata joto ni kumtibu mgonjwa na kumrudisha katika nyumba inayoungua.

Wewe wa Morogoro utauliza: bahari yanihusu nini? Ndugu yangu, swali hilo linafanana na la Kaini. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Miti ikikatwa huko juu, udongo hushuka na maji, na matope huyasonga matumbawe.

Basi Dominika hii jiulize: maskini amefunga ili bahari ipone, mimi nimefunga nini? Panda mti kando ya mto. Na wanaokuja kuomba kura yako, waulize watafanya nini juu ya moshi na misitu.

Dominika njema.