Kabla ya Mombasa, Tupande Kilimambogo

Kuna magari fulani ambayo hupita katika barabara kuu ya Thika mara moja moja, hasa mwezi wa Agosti. Ni malori na magari makubwa yenye nambari za Ulaya, yaliyogeuzwa kuwa nyumba. Kitanda kimo ndani, jiko limo, na tangi la maji limefungwa ubavuni. Wenyewe kwao ni majira ya joto, na wametoka mbali kuja kulala karibu na Mlima Kenya na Nyandarua. Kwetu Agosti ni mwezi wa baridi na ukungu, nasi tuko likizoni tumejifunika blanketi, tukilalamika eti hakuna mahali pa kwenda.

Hebu tuulizane bila kuoneana haya. Kila asubuhi isiyo na ukungu, Kilimambogo huonekana wazi kutoka Thika. Ni wangapi miongoni mwetu wameufika? Nikisema ni wachache sana, sidhani kuna atakayebisha.

Rai yangu ni hii. Kila mwaka wanachama wakizungumzia ziara, jina linalotajwa kwanza ni Mombasa. Mimi nasema ziara ya chama iwe siku tatu katika milima na mito ya karibu, basi la shule likiwa ndilo nyumba yetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sababu ya kwanza ni pesa. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 500, kwenda tu. Mafuta, malazi na chakula hupandisha gharama, na matokeo yake tunayajua: wenye uwezo huenda, wengine hubaki wakingoja kusimuliwa hadithi. Je, chama ni cha nani? Kutoka Thika hadi lango la Kilimambogo ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Karibu na lango kuna mahali pa kupigia hema. Nasi wananchi hutozwa ada ndogo kuliko wageni. Tukibeba sufuria, jiko, mitungi ya maji, unga na maharagwe, basi letu litakuwa na kila kitu kilichomo katika magari ya wale wazungu, isipokuwa kitanda. Wasichana walale hemani, wavulana hema zao upande wa pili, na mizigo ibaki garini. Zamu za kupika na kuosha vyombo zipangwe kama bwenini, na takataka zote turudi nazo.

Sababu ya pili ni elimu. Katika jiografia tunakariri mito kama wimbo, lakini wengi hatujui maji tunayovuka kila siku huenda wapi. Mto Chania na Mto Thika hutoka Nyandarua, hukutana hapa Thika, kisha huingia Tana kwenye bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Mto Ruiru nao hutoka upande huo huo wa Nyandarua, lakini huishia katika Athi, ambao mbele huitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwaga maji yake karibu na Malindi. Kwa hiyo tone la mvua likianguka upande wa Ruiru huenda Malindi, na likianguka upande wa Thika huenda Kipini. Jambo hili ukilitazama ukiwa juu mlimani hutalisahau hata siku ya mtihani.

Siku ya pili twende Ndakaini. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1994, nalo lina nafasi ya maji mita za ujazo milioni 70. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutegemea hapo, na husafishwa Ng'ethu kabla ya kupelekwa mjini. Siku ya tatu tupande juu ya Gatura hadi msitu wa Kimakia, tuone ule msitu unaoyashika maji hayo. Mtu akishauona, hatahitaji kuhubiriwa kuhusu ukataji miti.

Sababu ya tatu ni historia. Kilimambogo una urefu wa takriban mita 2,145, na umekuwa hifadhi ya taifa tangu 1967. Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu, aliutaja miongoni mwa milima inayoheshimiwa na wazee. Katika mteremko wake kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Huyo ndiye aliyemiliki shamba la Juja, pale tunapopita na matatu, na ndiye aliyempokea huko Theodore Roosevelt mwaka 1909. Mlima mmoja, majina mengi, na kila jina lina wenyewe. Hiyo pekee inatosha insha kumi.

Najua walimu wetu watauliza kuhusu usalama, na wana haki. Nyati hawajaitwa mbogo kwa mzaha. Basi tuombe askari wa KWS atuongoze, na mtu asitembee peke yake. Katika maporomoko ya Fourteen Falls watu wamewahi kufa maji, kwa hiyo iwe marufuku kuogelea. Tutazame tu, tena tutazame vizuri, kwa sababu uchafu wa Nairobi huteremka na Athi hadi pale. Hilo nalo ni somo, ingawa halipendezi puani.

Wengine watasema, “Hiyo si ziara, hakuna bahari!” Jamani, bahari haihami. Atakayeiona baadaye ataiona akijua maji ya mito yake yametoka wapi. Ila nafasi ya kusafiri sote pamoja, mwenye nacho na asiye nacho, tunayo sasa tu tukiwa shuleni.

Naomba mlezi wa chama aliweke jambo hili mbele ya wanachama katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, tulipigie kura. Likikubaliwa, tuanze kuchanga kidogo kidogo kila wiki, na kiwango kiwe kile ambacho aliye na kidogo kabisa miongoni mwetu anakiweza. Haba na haba hujaza kibaba.