Si Kila cha Kale ni Dhahabu

Wako watu wasemao kwamba kitu kikitengenezwa mara ya kwanza huwa kamili, na kila kigeuzwacho baadaye huharibika. Ngao yao ni msemo kwamba ya kale ni dhahabu. Nataka, msomaji mpenzi, tuupime msemo huo kwa kitu kimoja kijulikanacho ulimwenguni: motokaa ya spoti iitwayo Jaguar E-Type, iliyoundwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1961 hata 1974. Ilitoka kwa vizazi vitatu, na wapenzi wengi wa magari ya kale hukiinua cha kwanza na kuvidharau viwili vilivyofuata.

Kwanza tukipe kizazi hicho haki yake. Motokaa hiyo ilipoonyeshwa Geneva mwezi wa Machi 1961, watazamaji walishangaa. Umbo lake lilibuniwa na Malcolm Sayer, mtu aliyepata ujuzi katika kazi ya ndege, naye alitumia hesabu ili lipite katika hewa bila kuzuiwa sana. Injini yake ya silinda 6, lita 3.8, ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 265, na mwendo wake ulisemwa hufika maili 150 kwa saa. Bei yake Uingereza ilizidi pauni 2,000 kidogo tu, hali Ferrari na Aston Martin zilikuwa ghali zaidi sana. Hapana shaka, ilikuwa kazi ya mabingwa.

Lakini sifa si ushahidi wa ukamilifu. Sakafu ya zile za mwanzo kabisa ilikuwa bapa, na dereva mrefu hakuwa na mahali pa kunyosha miguu mpaka iliposhushwa mwaka 1962. Viti vilichosha, breki zililaumiwa, na gia ya kwanza ilikuwa kaidi kuingia motokaa ikiwa mwendoni. Waundaji hawakuziba masikio. Mwaka 1964 walitia injini ya lita 4.2, sanduku jipya la gia, viti bora na breki bora, na umbo la nje wakaliacha lilivyo. Basi hata ndani ya kizazi hicho kinachoabudiwa, motokaa iliyo njema zaidi kuendesha si ya kwanza, bali ile iliyorekebishwa.

Ugomvi mkubwa u juu ya kizazi cha pili, kilichotoka 1968. Motokaa hizi ziliuzwa kwa wingi Marekani, na huko sheria ya usalama wa magari ilikuwa imepitishwa mwaka 1966. Vioo vizuri vilivyofunika taa za mbele vilikwisha ondolewa. Taa za nyuma zikawa kubwa zaidi, zikawekwa chini ya bampa. Swichi zilizochomoza kama vidole zikabadilishwa na zilizo bapa. Zile za Marekani zilipewa kabureta mbili badala ya tatu ili moshi wake upungue, na nguvu zake zikapungua pia. Wapenzi wa umbo walilia kwamba sheria imeua uzuri.

Nawajibu hivi. Swichi iliyochomoza hupendeza jicho mpaka siku motokaa inapogonga na uso wa abiria kuirukia. Taa kubwa ya nyuma haina madaha, lakini humwonya aliye nyuma yako usiku. Tena mdomo wa mbele ulipanuliwa na feni mbili za umeme zikawekwa, injini isichemke kwenye msongamano wa mjini. Uso ulipoteza kitu, sikatai. Aliyeketi ndani alipata zaidi. Ni uzuri gani huo udaio kulipwa kwa damu ya mtu?

Wala msinidhanie kuwa mtumwa wa vitu vipya. Kizazi cha tatu, cha mwaka 1971, kilipewa injini ya silinda 12, lita 5.3. Kilikwenda kwa upole na nguvu, lakini kilikuwa kirefu na kizito zaidi, na kilikunywa petroli kwa pupa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na mwaka uliofuata uundaji ukakoma, motokaa zaidi ya 72,000 zikiwa zimekwisha tengenezwa. Hapo kipya hakikuwa kinyemi.

Basi aabuduye cha kale na aabuduye kipya wana kosa moja: wote wawili huuliza umri wa kitu, wala hawaulizi kazi yake. Nanyi, vijana, mtaambiwa mara nyingi kwamba desturi fulani ni njema kwa kuwa ni ya zamani, au sheria fulani ni mbaya kwa kuwa imekuja juzi. Msikubali wala msikatae upesi. Ulizeni inamlinda nani, inamdhuru nani, na ni kosa gani lililokuja kurekebishwa. Kurekebisha kosa si kuuvunjia heshima mwanzo, ni kuukamilisha.