Mwanachama Asome Nini?



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa tawi kwisha na viti kurudishwa ndani, kijana mmoja apakiaye mizigo sokoni alitujia na swali ambalo hatukulitazamia. Alisema: "Ndugu, shuleni nilisoma vitabu vya mtihani tu, na mtihani ulipokwisha nikavifunga. Sasa jioni nina saa mbili tatu ambazo sina la kufanya ila kutazama simu. Nisome hadithi gani?" Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja wa kamati alimjibu kwa ukali kidogo: "Soma katiba ya chama. Hadithi ni za watoto."

Twamheshimu sana mzee wetu, na katiba ya chama kila mwanachama hana budi kuijua. Lakini katika jambo hili twasema waziwazi kwamba hatukubaliani naye. Katiba humwambia mtu haki yake ni ipi. Hadithi nzuri humwonyesha jinsi haki hiyo inavyonyang'anywa, mchana kweupe, na watu wenye sura na majina, na tena humwonyesha jinsi mnyonge anavyoweza kusimama akaidai. Asiyepata kuyaona mambo hayo hata kitabuni atayatambuaje yakija mlangoni kwake?

Basi kijana yule tulimwambia aanze na "Kuli", kitabu cha Adam Shafi kilichotoka mwaka 1979. Ni habari za Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandari ya Unguja, ambaye naye aliingia kazi ile ile ya baba yake, na ndani yake mna ule mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Unguja wa mwaka 1948. Tumekichagua kwa kuwa hakihitaji elimu ya juu. Yeyote aliyewahi kubeba gunia begani atakifahamu tangu kurasa za mwanzo. Humo mwanachama ataona jinsi umoja unavyojengwa: haujengwi kwa hotuba moja, bali kwa mtu mmoja kumweleza mwenzake, na huyo kumweleza wa tatu, mpaka woga unatoka.

Cha pili ni "Kusadikika" cha Shaaban Robert. Kitabu hiki ni chembamba, lakini uzito wake ni mkubwa. Kilichapishwa mwaka 1951, miaka 3 kabla ya kuzaliwa kwa TANU, Mwingereza angali anatawala Tanganyika. Mwandishi alikuwa ametumikia serikali hiyo hiyo kwa miaka mingi kama karani. Alisema habari za nchi inayoelea angani, na mwenye macho akatambua ni nchi gani. Kijana Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi na habari za manufaa, na badala ya shukrani wakatiwa kifungoni.

Hapa twaomba tuseme jambo ambalo pengine halitawapendeza wenzetu wote. Wengi wetu tukisoma kitabu hiki hujiona sisi ndio Karama, na Majivuno ni mkoloni aliyekwisha kwenda zake. Ni raha kusoma hivyo. Lakini sisi tunaozunguka matawini tumeona mwanachama akileta habari kwamba fedha za kisima hazionekani, au kwamba ada zimekusanywa bila stakabadhi, na jibu alilopewa ni kwamba yeye ni mchochezi. Huyo ni mjumbe wa Kusadikika, na aliyemfukuza mkutanoni amekalia kiti cha Majivuno, hata kama amevaa sare ya chama. Kitabu kizuri ni kioo, na kioo hakiangalii cheo. Twamshauri kila mwenyekiti wa tawi akisome peke yake usiku mmoja, halafu ajiulize ni wajumbe wangapi aliowafunga midomo mwaka huu.

Kwa yule atakaye kuburudika kwanza, hakuna haya. Asome "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake atampeleka hatua kwa hatua mpaka mwisho, na njiani atamfundisha bila kumhubiria kwamba jambo ambalo watu hulisukumia mizimu mara nyingi lina mkono wa binadamu ndani yake. Somo hilo lina faida katika siasa vilevile.

Akina mama na mabinti wa chama, na hasa akina baba, wasome "Rosa Mistika" cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Ni habari za binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba mlevi, akatoka kwenda masomoni bila ya kujua dunia. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Sisi tuliosomea ualimu twasema: kuficha kidonda si kukitibu. Msichana aliyekisoma kitabu hiki na mama yake amepata ngao.

Mwenye subira atafute "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali" cha Aniceti Kitereza. Mzee huyu wa Ukerewe alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, na hakikupata mchapaji. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 kitabu kilingoja! Yeyote asemaye kwamba mababu zetu hawakuwa na adabu ya ndoa, tiba, kilimo wala ujirani, mpeni kitabu hicho anyamaze.

Kutoka kwa ndugu zetu wa nchi nyingine, tunavyo kwa lugha yetu "Hamkani si Shwari Tena", ambacho Chinua Achebe wa Nigeria alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1960, na "Shetani Msalabani", ambacho Ngũgĩ wa Thiong'o alikianza gerezani Kamiti, kwa Kikikuyu, juu ya karatasi za chooni. Mtu akinyimwa daftari akaandika hata hivyo, sisi wenye taa na kiti tuna udhuru gani wa kutosoma?

Tena tusiogope kusoma tusichokubaliana nacho. "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinasimulia mateso ya utumwa kwa Kiswahili kitamu, lakini Mwingereza humo ni mkombozi asiye na doa. Kisomeni, kisha mjiulize: aliyefungua mnyororo wa shingo, mbona baadaye alitia kodi ya kichwa? Msomaji wa namna hiyo hapotoshwi kwa urahisi na mtu yeyote.

Tunajua jibu litakalotolewa: vitabu ni ghali na maduka yake ni machache. Ni kweli. Ndiyo maana twashauri kila tawi linunue nakala moja moja kwa mchango wa wote, liweke daftari la kuazima, na jioni moja kwa juma mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Wazee wetu wasiojua kusoma walizaliwa katika hadithi. Hawatakuwa wa mwisho kufika.

Kijana yule tulimwazima "Kuli" yetu. Baada ya siku nne alirudi, nasi tulidhani amechoka nacho. Kumbe alikuja kuomba muda zaidi, kwa maana wenzake wa sokoni wamemwambia asiendelee bila wao. Na yule mzee wa kamati? Ametuuliza kwa sauti ya chini kile cha Majivuno kinapatikana wapi. Tumempa.