Ghorofa Isiyofikika ni Mlango Uliofungwa



Siku hizi parokia zetu nyingi, hasa za mijini, zinajenga kwenda juu. Viwanja vimekuwa haba na bei yake imepanda; kwa sababu hiyo ukumbi, ofisi, vyumba vya semina, zahanati na madarasa huwekwa ghorofa juu ya ghorofa. Hatuna neno dhidi ya maendeleo hayo. Tunachotaka kuuliza katika toleo hili ni swali ambalo kamati za ujenzi hulikumbuka wakati zege limekwisha kukauka: ni nani atakayeweza kufika huko juu?

Michango ya ujenzi hukusanywa kwa wote. Mama anayetembelea magongo hutoa bahasha yake katika jumuiya ndogo ndogo sawasawa na jirani yake. Mzee ambaye magoti yamemchoka hutoa. Kijana anayetumia kiti cha magurudumu hutoa. Jengo linapokamilika, hao watatu wanakuta kwamba ukumbi waliouchangia uko juu ya ngazi arobaini. Anayetaka kuhudhuria mkutano sharti abebwe mgongoni kama mzigo, mbele ya wanawe na wakweze. Asiyekubali kubebwa hubaki uani, na mambo yanayomhusu huamuliwa ghorofani bila yeye. Hapo ndipo suala la lifti linapotoka mikononi mwa mafundi peke yao na kuwa suala la haki.

Haki hiyo haikuanza kudaiwa leo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu chake cha 9 kinazidai nchi ziondoe vizuizi katika majengo, na hakiwaachi nje wenye majengo binafsi wanaotoa huduma kwa watu wote. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo nayo inataka majengo yatumiwayo na umma yafikike. Wala hatuzungumzii kikundi cha watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila 6 duniani, wanaishi na ulemavu wenye uzito. Ongeza hapo wazee, wagonjwa, mama wajawazito na waliovunjika mguu juzi. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika.

Tunajua jibu litakalotolewa: lifti ni ghali. Ni kweli. Kuinunua ni gharama, kuiendesha ni gharama, na kuitunza ni gharama isiyokoma. Hata hivyo gharama haiwezi kuwa mwisho wa mazungumzo, kwa kuwa yapo mambo yanayoweza kufanywa hata na parokia yenye mfuko mwembamba. La kwanza ni kupanga vyumba kwa busara. Ofisi ya paroko, mapokezi, zahanati, chumba cha mikutano na angalau choo kimoja kipana viwekwe chini, na juu vibaki vyumba ambavyo huduma yake inaweza kutolewa chini pia. La pili ni kuacha nafasi ya shimo la lifti katika mchoro tangu mwanzo, hata kama fedha ya lifti yenyewe itapatikana baada ya miaka kumi. Kubomoa sakafu za zege ili kupitisha lifti baadaye ni kulipa mara mbili.

Wengine hudhani kwamba njia ya mteremko itatosha mahali pa lifti. Kwa kupanda kizingiti au vidato vichache mlangoni, mteremko ni msaada mkubwa. Kwa ghorofa, tufanye hesabu. Kipimo kinachokubalika sana ni kwamba kila mita 1 ya kupanda inahitaji mita 12 za mteremko. Ghorofa yenye kimo cha mita 3 itadai mita 36, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Viwanja vingi vya mjini havina nafasi hiyo, na mikono ya anayesukuma kiti chake mwenyewe haina nguvu hiyo kila siku.

Basi tuseme fedha imepatikana na lifti inaagizwa. Hapo tena panahitajika macho, kwa sababu lifti inaweza kuwapo na bado ikamfungia mtu nje. Ufundi wa kuwapandisha watu kwa usalama ni wa zamani: Elisha Otis alionyesha breki yake ya usalama kule New York mwaka 1854, na mwaka 1857 duka moja la mji huo likaweka lifti ya kuwabeba wateja. Kilichochelewa sana ni kumfikiria yule ambaye lifti kwake si suala la kupunguza uchovu, bali ndiyo njia pekee ya kufika.

Kiti cha magurudumu pamoja na msaidizi mmoja huhitaji chumba cha lifti chenye upana usiopungua sentimita 110 na kina cha sentimita 140, na mlango wenye uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Mbele ya mlango pawe na nafasi ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti kiweze kugeuka. Vitufe viwe kati ya sentimita 90 na 120 kutoka sakafuni, ili aliyeketi avifikie. Ukutani pawe na mhimili wa kushikilia, na upande unaoelekea mlango pawe na kioo. Hicho si cha urembo, kinamwezesha asiyeweza kugeuka ndani kuona nyuma yake anapotoka kinyumenyume. Lifti isimame sawa na sakafu. Tofauti ya sentimita chache, ambayo mwenye miguu mizima huiruka bila kuiona, yatosha kulinasa gurudumu dogo la mbele.

Asiyeona anahitaji namba zilizoinuka, maandishi ya nukta nundu, na sauti itajayo ghorofa. Mlio mmoja humwambia kwamba lifti inapanda; milio miwili, kwamba inashuka. Tujihadhari na vioo laini vya kugusa, vinavyopendwa kwa sababu vinang'aa: kwa vidole vya asiyeona havina alama, naye akivipapasa kutafuta ghorofa moja hujikuta ameita tano. Kiziwi naye, lifti ikikwama, hasaidiwi na simu ya dharura peke yake. Anahitaji taa ya kumwonyesha kwamba wito umekwenda, na nyingine ya kumwonyesha kwamba umepokelewa.

Baada ya kujenga huja kutunza, na hapo ndipo tunaposhindwa mara nyingi. Tumeona majengo ambayo lifti yake imekuwa ghala la viti vibovu. Tumeona nyingine ambayo ufunguo wake anao mlinzi, na hufunguliwa mgeni mashuhuri anapofika. Tumeona tangazo la "mbovu" lililokaa mlangoni hadi karatasi ikageuka manjano. Kamati inayotenga fedha ya lifti bila kutenga fedha ya fundi wa kuikagua mara kwa mara imenunua pambo. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika, iagizwe lifti yenye betri inayoifikisha kwenye ghorofa iliyo karibu na kufungua mlango, asije mtu akakwama gizani. Tena, lifti ya kawaida haitumiki wakati wa moto. Kwa hiyo kila jengo liwe na mpango unaojulikana wa kumshusha asiyeweza ngazi, na watu waliofundishwa kuutekeleza.

Je, nani anayajua haya yote? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkataba tulioutaja unataka, katika kifungu cha 4, watu wenye ulemavu washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Kwa hiyo tunatoa rai kwa Halmashauri za Walei: kabla mchoro haujapitishwa, waitwe anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona na kiziwi wa parokia hiyo hiyo, waketi na mchoraji, waulizwe, na majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Waitwe tena jengo linapopokelewa kwa mkandarasi, walijaribu wenyewe kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Gharama ya vikao hivyo viwili ni nauli na chai.

Katika Injili ya Marko tunasoma habari za mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Mlango ulikuwa umezibwa na umati, nao watu wanne waliombeba wakafungua dari wakamshusha. Twapenda kuisifu imani ya wale wanne, na ni haki kuisifu. Lakini tusisahau kwamba kilichowalazimisha kupanda darini ni watu wema, waliokuja kusikiliza Neno, ambao hawakuwa wameacha nafasi ya mtu kupita.

Parokia inayochora jengo lake mwaka huu bado ina uwezo wa kuiacha nafasi hiyo. Kalamu hufuta kwa urahisi; zege halifutiki.