Ngano ya Basotu, shamba la Kambi ya Simba na demokrasia ya kijijini

Msikilizaji mmoja wa Haydom aliuliza baada ya kipindi: migomo, vyama vya wafanyakazi, demokrasia, hayo si mambo ya mjini? Swali zuri, kwa sababu hata wasomi wengi wanaoandika juu ya demokrasia ya Tanzania huanzia mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Kwetu Mbulu na Hanang habari hii ilianzia shambani, ikaenda mahakamani.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano nyanda za Basotu. Yalifika mashamba saba, karibu ekari laki moja. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Trekta zilipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao. Na ajira? Shamba la trekta na kombaini halihitaji mikono mingi.

Wachache waliopata kazi walikuwa na chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA tangu 1964, kisha JUWATA tangu 1978, vyote chini ya chama tawala. Mfugaji hata hicho hakuwa nacho. Si kwamba watu hawakujua kujipanga: wanawake wa Kibarabaig wana mkutano wao wa kimila unaoweza kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe akimkosea mwanamke. Lakini huwezi kulitoza shirika la umma ng'ombe.

Ikabaki mahakama. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Sababu zake zinauma hadi leo: halmashauri ya kijiji haikuonyesha kuwa iligawiwa ardhi hiyo kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kwa ushahidi kuwa ni wenyeji kama sheria ya ardhi ya mkoloni ilivyotaka. Fikiria, Mbarabaig wa Hanang anatakiwa kuthibitisha kuwa ni mwenyeji.

Kesi ya pili ilitoka Kambi ya Simba, wakati huo wilaya ya Mbulu, leo Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa na shamba la kimila tangu 1943, wakalipoteza wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 mahakama iliwarudishia. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, Bunge likapitisha sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vya operesheni na kuzima kesi za namna hiyo. Wakaipinga sheria yenyewe. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Vinginevyo wananchi wengi wangekuwa maskwota katika nchi yao wenyewe.

Kati ya kesi hizo mbili kulitokea nini? Haki za msingi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na kuanzia 1988 mwananchi akaweza kuzidai mahakamani. Kwa maoni yangu, kwa mkulima na mfugaji wa huku mlango huo ulikuwa mkubwa kuliko kura ya vyama vingi ya 1995.

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Mama anayechunga ndama ana sauti sawa na mwenyekiti. Mkutano wa kawaida unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na muhtasari uandikwe. Mulbadaw walishindwa kwa kukosa ushahidi. Kijijini kwako, daftari la mihtasari liko kwa nani, na mkutano wa mwisho ulifanyika lini?