Seva na Iweze Kuamka Peke Yake

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilipungukiwa sana na huduma ya intaneti. Kuchelewa kwa habari za ng'ambo katika hali kama hiyo si ajabu. La ajabu ni kwamba hata kompyuta nzima, iliyomo chumbani na yenye umeme, yaweza kushindwa kuanza kazi. Udhaifu huu si wa lazima, na shule hazipaswi kuukubali.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: hutunza vitabu, mazoezi na kazi za wanafunzi, na kuzitoa zinapoombwa. Inapowashwa, huanzisha huduma zake moja baada ya nyingine, na kila huduma ina sharti lake. Moja hungoja mtandao uwe tayari. Katika baadhi ya mifumo ya Linux kungoja huko huweza kufika sekunde 120. Nyingine huuliza seva ya majina iliyo mbali ili ijue anwani ya mashine iliyo chumba kimoja nayo. Ya tatu hutaka kujua saa. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme unapozimwa. Zikiwashwa bila intaneti huweza kushika tarehe iliyopita, na vyeti vya usalama, ambavyo vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, hukataliwa. Mwalimu huambiwa kwamba cheti ni batili, kumbe kilichopotoka ni saa.

Hata wakubwa hawakusalimika. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata viungo vilivyounganisha vituo vya kompyuta vya Facebook. Seva zake za majina zikatoweka katika intaneti, na vyombo ambavyo mafundi wangevitumia kurekebisha kosa vikawa vinategemea mtandao ule ule uliokatika. Ilibidi watu waende vituoni kwa miguu yao; huduma zilikosekana kwa saa sita hivi. Ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya nyumba.

Fundisho ni la utaratibu. Mtafuta kosa na aanze ndani aelekee nje. Kwanza aiulize seva kama yajisikia yenyewe, kwa anwani 127.0.0.1. Pili aijaribu kompyuta ya jirani, kisha ruta, na mwisho dunia ya nje. Pale jibu linapokoma ndipo kosa lilipo. Aidha, asome kumbukumbu za mashine na kutazama saa yake kabla ya kubadili lolote. Na abadilipo, abadili jambo moja tu kwa mara moja, kama afanyavyo mwanafunzi katika maabara ya fizikia.

Wapo wasemao kwamba ukaguzi wa vyeti na leseni kupitia intaneti ni kinga dhidi ya wezi. Hoja hiyo ina uzito, na vyeti visiondolewe. Lakini kinga haihitaji kila kitu kiulizwe mbali. Saa yenye betri, orodha ya majina iliyohifadhiwa shuleni, nakala za programu muhimu, na karatasi yenye anwani za mashine zote iliyobandikwa ukutani, vyatosha kuifanya seva ianze kazi salama. Programu isiyokubali kufunguka bila idhini ya kila siku kutoka ng'ambo isinunuliwe kwa ajili ya darasa.

Njia ya kuhakiki ni rahisi: mara moja kila muhula, siku isiyo na mitihani, waya wa intaneti uchomolewe, seva izimwe kwa utaratibu, kisha iwashwe tena mbele ya wanafunzi. Kila kitakachokataa kuanza kiandikwe na sababu yake itafutwe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na shule ambayo vitabu vyake vimo katika sanduku lililo mezani haistahili kukosa somo kwa sababu ya waya uliokatika maelfu ya kilomita kutoka hapo.