Tulipopita Mkunazini

Tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukavuka na boti kwenda kusalimia ndugu Makunduchi. Tangu bandarini tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya ada za shule. Mjini Unguja tulipita kwanza Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi 1873. Mbele ya madhabahu, duara la marumaru nyeupe laonyesha uliposimama mti wa viboko. Nguzo za nyuma zimesimama juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walikosea Askofu Steere akiwa safarini, naye akaziacha. Hapo tulicheka, mara ya kwanza siku ile! Penye duara tulinyamaza. Mume na mke waliweza kununuliwa na mabwana wawili, wasionane tena. Tukakaa kwenye benchi, tukashikana mikono, tukazungumzia ada kwa sauti ya chini, mpaka tukakubaliana kulipa kwa awamu mbili.